Je, shabiki anaweza kuitia timu yake nuksi?

Katika vijiwe vya kahawa vya Mwanjelwa, jijini Mbeya, wapo mashabiki wa miaka mingi wa timu zinazosuasua mkiani ambao huamini kuwa wao wenyewe ndio nuksi: wakiingia Uwanja wa Sokoine timu hufungwa, wakibaki nyumbani hushinda. Wengine huishia nje ya ukuta, redio sikioni na skafu mfukoni, ili wasiidhuru timu waipendayo.

Imani hiyo inaeleweka, kwani kipigo ulichokishuhudia ukiwa umelowa mvua ya Machi hakisahauliki, ilhali sare uliyoisikia redioni ukiwa shambani hupotea upesi. Tena wengi wetu hujitokeza pale wanapokuja vigogo wa Dar es Salaam, ambao huzifunga hata timu zilizo imara. Yanayojulikana kuhusu mashabiki yanaelekea upande mwingine: kwa kawaida timu hufanya vizuri zaidi nyumbani, na mwaka 2020, ligi nyingi za Ulaya zilipochezwa bila watazamaji kwa sababu ya UVIKO-19, faida hiyo ilipungua katika baadhi yake.

Anayetaka kuhakikisha anahitaji daftari tu. Katika ligi ya timu 16, ambamo kila timu ina mechi 15 za nyumbani, aandike kabla ya filimbi ya kwanza kama yupo uwanjani au hayupo, amtaje mpinzani, kisha aongeze matokeo. Alinganishe mechi za nyumbani pekee, maana za ugenini, ambako kwa kawaida hayupo, huvuruga hesabu. Vipigo vitatu mfululizo, ambavyo ndivyo hutajwa zaidi vijiweni, havithibitishi lolote.