Kabla ya kuuliza "bei ya mwisho ngapi?"

Kwenye dawati la mikopo la chama chetu cha akiba na mikopo, ombi la gari huja na karatasi moja: profoma ya yadi, yaani hati ya bei ya gari. Mwanachama huileta akiwa ameshakubaliana bei, ameshaacha laki tano ya kushikia gari, na kwangu amefuata saini tu. Huwa namuuliza swali moja: gari hili limefikaje kwenye bei hii? Wengi hunijibu, "Alianza na kumi na nane, nikamshusha mpaka kumi na sita na nusu." Hapo ananisimulia walivyovutana. Gari limegharimu nini, hajui. Na muuzaji aliyezoea kushushwa milioni moja na nusu aliipandisha hiyo milioni moja na nusu kabla mteja hajashuka kwenye daladala.

Sasa tuipandishe bei kutoka chini, tangu gari linapouzwa Japani, ili siku unaingia yadi uwe na namba yako mfukoni.

Magari mengi yaliyopangwa kwenye yadi za Dar es Salaam yamepitia minada ya Japani. Kule gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo unagharimu hela ya kutosha, hivyo wengine huona heri wauze. Gari likifika mnadani wakaguzi huliandikia karatasi yenye daraja. Lenye 4 au 4.5 ni safi, 3.5 limechokachoka, R au RA liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari huandikwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W panaonyesha alama za matengenezo, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita za siku hiyo nazo zimo. Iombe karatasi hiyo. Yadi iliyoagiza gari kutoka mnadani ina njia ya kuipata, na ikikwambia haipo, umeshapata sababu yako ya kwanza ya kushusha bei.

Bei ya mnada ikiongezwa ada ya wakala wa Japani, bima na nauli ya meli hadi bandari ya Dar es Salaam, jumla yake ndiyo CIF. Hapo ndipo Mamlaka ya Mapato (TRA) inapoanzia, na hapa naomba uvumilivu, maana ndipo watu wengi wanapopigwa bila kujua nani amewapiga.

Chukua gari dogo la abiria kama Toyota IST lenye injini ya cc 1500. IST iliacha kutengenezwa mwaka 2016, kwa hiyo inayoingia nchini leo imeshavuka miaka 8, na nyingi zimevuka 10. Tuseme CIF iliyokubaliwa na TRA ni shilingi milioni 7. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 1.75, na gari linakuwa milioni 8.75. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000, kisha asilimia nyingine 30 kwa sababu tu gari limezidi miaka 10. Hiyo ya umri peke yake ni zaidi ya milioni 2.6. Jumla ya vyote hutozwa VAT ya asilimia 18. Ukimaliza, kodi imefika karibu milioni 6.9, na bado kuna tozo ndogondogo. Gari la milioni 7 limekuwa la milioni 13.9 na bado liko bandarini.

Sasa chukua gari jingine la injini hiyohiyo ambalo halijafikisha miaka 8, lenye CIF ya milioni 8.5. Halina ushuru wa umri. Pitisha hesabu ileile: linatoka likiwa karibu milioni 13.2. Kule Japani lilikuwa ghali kwa milioni moja na nusu, huku limekuwa rahisi kuliko lile kuukuu. Kati ya miaka 8 na 10 ushuru wa umri ni asilimia 15, na umri huhesabiwa tangu mwaka gari lilipotengenezwa. Sijaona kosa linalorudiwa zaidi ya hili: mtu anakimbilia gari la mwaka wa nyuma akidhani anaokoa hela, kumbe tofauti yote anaipeleka kwenye kodi.

Huhitaji kuyafanya haya kwa kalamu. TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake: unachagua aina, mwaka na injini, kinakupa thamani wanayoitumia wao na kodi yake. Thamani hiyo haifuati risiti ya muuzaji, kwa hiyo usishangae ikizidi. Viwango hubadilika na bajeti, na mabadiliko huanza Julai mosi, hivyo pitia kikokotoo wiki ileile unayonunua.

Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Wakala yeyote atakupa makadirio kwa simu. Kinachobaki kati ya jumla hiyo na bei iliyobandikwa kiooni ni pango la yadi, mishahara, riba ya hela zilizolala humo, na faida. Sina ugomvi na faida ya yadi. Imebeba kazi ya kuagiza na hatari ya meli kuchelewa. Ila ukijua ni milioni mbili au milioni tano, mnaongea lugha tofauti kabisa. Angalia pia tarehe kwenye karatasi za kodi za gari hilo. Lililolipiwa mwezi uliopita muuzaji hana haraka nalo. Lililolipiwa mwaka jana limemchosha, hata kama anatabasamu.

Halafu ujue unaongea na nani. Kijana aliyekupokea getini akakuita bosi anaweza asiwe mtu wa yadi. Dalali hupatana na mwenye mali kwamba gari lisishuke chini ya, tuseme, milioni 15, na chochote kitakachozidi ni chake: ndiyo cha juu. Mkivutana kutoka 17 hadi 16, mwenye gari hajapoteza hata senti, aliyepungukiwa ni dalali. Ndiyo maana anaapa kwamba "mwenye mali kagoma." Omba uonane na mwenye mali au mhasibu wa yadi kabla ya kutaja namba yoyote. Dalali mlipe kwa kazi aliyofanya, kwa kiasi mnachokubaliana waziwazi. Wapo madalali waaminifu waliookoa watu na magari mabovu, na hao hawachukii kulipwa hivyo.

Mtu wa pili wa kuangalia ni fundi wako. Kwenye biashara hii kila anayeleta mteja ana chai yake, na fundi hana kinga. Fundi anayefahamiana na kila mtu pale yadi mwache abaki nao. Tafuta wa gereji nyingine, umlipe mwenyewe kabla hajafungua boneti, iwe gari limenunuliwa au halikununuliwa.

Mengine unaweza kuyaona kwa macho yako. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma, lakini stika ndogo za Kijapani za kubadilisha oili, zinazobandikwa kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, mara nyingi husahaulika hapo na kilomita zake. Pedali iliyolika mpira kwenye gari la "kilomita elfu hamsini" inakuambia jambo. Tairi lina tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kioo kimoja chenye chapa tofauti na vingine kimebadilishwa, uliza kwa nini. Mkanda wa kiti uvute wote mpaka mwisho. Tope na madoa ya mafuriko hujificha kwenye sehemu ambayo haivutwi kila siku. Kila unachokikuta kiandike na bei yake ya matengenezo. Hayo ndiyo maneno yako ya kushushia bei, siyo "nipunguzie kidogo, nimetoka mbali."

Yadi, mazungumzo huanza na swali la upole: "Dada yangu, bajeti yako ngapi?" Ukilijibu, gari lolote utakaloonyeshwa litakuwa na bei hiyo. Jibu, "Nipe ya kwako kwanza, yote kwa yote, mpaka kadi iwe kwa jina langu." Hayo maneno ya mwisho yana uzito. Bei isiyo na usajili, au isiyo na gharama za kuhamisha umiliki, itakurudia dirishani siku ya kulipa. Kisha taja namba uliyokuja nayo, na uieleze: CIF kiasi hiki, kodi hii hapa ya kikokotoo, bandari, tairi mbili, faida yako. Nyamaza. Atasema kuna mtu anakuja saa tisa na hela taslimu. Mtakie heri huyo wa saa tisa. Bei ikigoma kabisa, omba betri mpya, tairi au bima ya mwaka, maana muuzaji huona wepesi kutoa kitu kuliko kutoa hela. Na kama una gari lako la kuwapa, kisha uongeze hela juu, maliza kwanza bei ya lao, ndipo uzungumzie la kwako. Zikichanganywa watalipandisha la kwako mpaka ufurahi, na la kwao lipande zaidi.

Usiseme tu mapema kwamba kwa mwezi unaweza kulipa laki nne. Akishaijua laki nne, bei ya gari inapotea machoni, inabaki idadi ya miezi. Yadi inayokopesha yenyewe iulize bei ya taslimu na bei ya mkopo, ziandikwe pamoja. Uliza pia riba inahesabiwaje. Mkopo wa milioni 12 kwa miaka 3, riba asilimia 15 kwa mwaka ikitozwa kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho, riba yake ni milioni 5.4. Asilimia 15 hiyohiyo ikitozwa kwenye salio linalopungua, riba ni karibu milioni 3. Tangazo getini litasema 15 kote kuwili.

Gari la mkononi, yaani lililokwisha kusajiliwa na kutumika nchini, namba C au D, lina mambo yake. Faini za trafiki na ada za maegesho hudaiwa kwa namba ya gari, zikaguliwe kabla. Namba ya chasisi ilingane na iliyoko kwenye kadi. Lililoingia kwa msamaha wa kodi, au lenye namba za Zanzibar, linaweza kudaiwa kodi likifika mikononi mwako Bara, hivyo urahisi wake si urahisi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka mfanyabiashara akuuzie kitu chenye ubora wa kuuzika. Lakini sheria hiyohiyo inasema ukishakikagua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Kwa hiyo ahadi za mdomo, "injini haijafunguliwa," "haijawahi kugongwa," ziandikwe kwenye mkataba pamoja na masharti ya kurudishiwa ile laki tano. Risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na iwe na bei halisi. Ukikubali iandikwe ndogo, siku ya ugomvi utadai ile ndogo.

Chama chetu hulipa kwa mafungu mawili: sehemu kubwa siku ya mkataba, na iliyobaki siku umiliki unapobadilika kwenye mfumo wa TRA. Kuna yadi hununa zikisikia hivyo. Mpaka leo hakuna iliyokataa hela.