Usiende kuangalia nyumba saa nane mchana

Mwezi uliopita niliamka saa kumi usiku kumpeleka rafiki yangu na mkewe kuangalia nyumba. Rafiki huyu nilisoma naye, sasa amehamishiwa wizara iliyoko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, na wana watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la pili. Dalali alikuwa ameshawaonyesha nyumba hiyo siku moja kabla, saa nane mchana. Vigae mpaka jikoni, geti jeusi la kusukuma, maegesho ya magari mawili, vyumba vitatu na kimoja wapo ni masta. Wameipenda, kodi ya mwaka wanayo mkononi. Nikawaambia msitoe hata shilingi, twendeni kwanza tukaione alfajiri.

Tukaegesha gari nje ya ile nyumba kama polisi wa doria. Saa kumi na moja na nusu likapita gari la shule, taa ya ndani inawaka, watoto wanne wamelala vichwa vimeegemea vioo. Shemeji akauliza, "Hilo linakwenda wapi saa hizi?" Nikamwambia ndiyo kwanza linaanza kukusanya watoto, shule yenyewe iko upande wa pili wa mji. Ng'ambo ya barabara kina mama wawili walikuwa wamekaa juu ya madumu, wanasubiri bomba la jirani. Hakuna aliyesema kitu ndani ya gari kwa dakika kadhaa.

Mimi ni mpangamiji, na Dodoma nipo tangu 2011. Swali ninaloulizwa kuliko yote, kwenye misiba, kwenye harusi, hata nikiwa kwa kinyozi, ni hili: "Bwana mipango, tukae mtaa gani?" Watu wanataka jina. Kisasa au Ilazo? Nzuguni au Iyumbu? Mimi huwauliza kwanza nani ndani ya nyumba yao anaamka wa kwanza, na jua likichomoza atakuwa wapi. Ukilijibu hilo kwa ukweli, nusu ya mitaa inajiondoa yenyewe kwenye orodha.

Mji huu umekua haraka kuliko mazoea yetu ya kutafuta nyumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili ndipo Rais Magufuli alipotangaza, mwaka 2016, kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi wa 1973 kukaa kwenye makaratasi zaidi ya miaka arobaini. Kwa hiyo nyumba nyingi unazoonyeshwa leo zimesimama mahali ambapo miaka kumi iliyopita palikuwa shamba la mtama au uwele. Nyumba imewahi, huduma ziko njiani zinakuja.

Huduma inayokawia kuliko zote ni maji. Dodoma ni nchi kame. Mvua ina msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo usitegemee tone hadi mwisho wa mwaka. Maji ya bomba ya mji kwa miaka mingi yametegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Visima vingine vimeongezwa, vikiwemo vya Nzuguni, lakini watu nao wanaongezeka. Matokeo yake ni mgao, na mgao haulingani mtaa kwa mtaa. Kuna sehemu bomba halikauki, na kuna sehemu, tena hazipo mbali, maji hutoka siku moja kwa wiki, usiku wa manane.

Usimuulize mwenye nyumba kuhusu maji. Atakwambia yapo, na hadanganyi, bomba lipo. Muulize Mangi wa dukani, au binti anayefua uani kwa jirani: "Hapa maji yanatoka siku gani, na saa ngapi?" Mtu anayeishi na mgao hujibu hapo hapo bila kufikiri: Jumanne na Ijumaa, saa nane usiku. Anayekaa penye maji ya uhakika atakushangaa kidogo, maana hajawahi kulihesabu. Ukikosa wa kumuuliza, tazama juu ya mapaa. Mtaa ambao kila nyumba imebeba simtanki la lita 5,000 umeshakujibu.

Halafu piga hesabu yako. Familia ya watu watano wanaooga, wanaofua, wanaopika na kutumia choo cha ndani, kwa ubanaji wa wastani, wanamaliza kama lita 250 kwa siku. Tanki la lita 2,000 litawafikisha siku nane. Mgao ukiwa kila baada ya siku nne mnalala usingizi, ukiwa wa wiki mbili mtamjua mwenye boza kwa jina na namba yake ya simu. Na maji ya kununua kwa dumu yana athari ambayo haionekani kwenye bajeti: yanabadilisha tabia ndani ya nyumba. Kinachoanza kupunguzwa ni kumnawisha mtoto uso. Wilayani Kongwa, hapa hapa mkoani kwetu, watafiti wameshughulika miaka mingi na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, unaosambazwa na mikono, vitambaa na inzi, na kunawa uso ni mojawapo ya kinga zake kuu. Kwa hiyo nikisema maji kwanza, simaanishi bustani ya maua.

Kama nyumba ina kisima chake, usishangilie kabla hujaonja chai. Maji ya ardhini hapa mengi yana chumvi, birika likitumika wiki chache linashika ukoko mweupe. Chumvi inavumilika. Lakini kisima kilichochimbwa karibu na mashimo ya vyoo vya majirani kipeleke sampuli maabara kabla mtoto hajanywa.

Sasa udongo, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu mimi mwenyewe uliniumbua. Nyumba yangu ya kwanza ya kupanga niliingia mwezi wa Novemba. Nzuri, imepakwa rangi juzi, uwanja mkubwa. Jirani alikuwa bibi mmoja wa Kigogo. Siku ya kwanza nikamwamkia "Mbukwenyi" kwa madaha ya mgeni aliyejifunza neno moja. Akaitikia, akanitazama nikishusha makochi, akasema, "Mjukuu wangu, hapo mlipo vyura walikuwa wanaimba." Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa kizee. Januari ikafika. Vyura walirudi kwao. Maji yalisimama uani siku kumi na moja, na mwanangu wa kwanza, aliyekuwa anaanza kutembea, aliishi juu ya kitanda kama yuko kwenye mtumbwi.

Mpangamiji mzima. Na jina la mji lilikuwa limenionya: wazee wanasimulia kwamba Dodoma inatokana na neno la Kigogo, idodomya, pamedidimia, kwa sababu ya tembo aliyezama kwenye tope alipokwenda kunywa maji.

Tangu hapo nina macho mengine. Ule udongo mweusi wa mbuga hunyonya maji ukavimba, kiangazi ukasinyaa ukapasuka, na nyumba iliyo juu yake inacheza nao kila mwaka. Usitazame dari, tazama kona za madirisha. Ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingia ukucha, huo ni msingi unaotembea. Kisha shuka chini: rangi mpya iliyoishia kimo cha goti, wakati juu rangi ni ya zamani, inaficha mstari wa maji ya mwaka jana. Plasta inayomung'unyuka unga mweupe karibu na sakafu ni chumvi inayopanda na unyevu. Na tazama miti. Mbuyu mkubwa hausimami kwenye tope, ukiuona karibu ujue maji hapo yanapita, hayatuami. Migunga mifupi mingi kwenye tambarare nyeusi iliyopasuka, hapo uliza habari za vyura.

Kwa hiyo kama una nafasi, itazame nyumba mara mbili: Februari mvua ikiwa imeshiba, na Oktoba ukame ukiwa umekomaa. Najua uhamisho haukusubiri. Basi angalau muulize mzee wa mtaa.

Umbali nitausema kwa kifupi kwa sababu ni hesabu tupu. Mji wa Serikali Mtumba uko kama kilomita 17 mashariki mwa katikati ya mji, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Ukipanga Nkuhungu au Mkonze, upande wa magharibi, unakatiza mji mzima kila asubuhi na kila jioni. Saa moja ya ziada kwenda na moja kurudi, siku tano kwa wiki, ni saa 40 kwa mwezi, yaani wiki nzima ya kazi unaitumia ukiwa barabarani badala ya kukagua daftari za watoto. Anayefanya kazi Mtumba aanze kutafuta Nzuguni, Ilazo, Kisasa, Ihumwa. Wa Chuo Kikuu cha Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa aanzie Iyumbu na Makulu. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula na Mtumba inabadilisha hesabu hii kwa wenye magari. Kwa mtoto anayekwenda shule kwa miguu haibadilishi kitu.

Upepo nao una upande. Sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki, na kuanzia Juni hadi Agosti unavuma baridi na vumbi. Nyumba iliyo magharibi mwa barabara ya vumbi inakula vumbi lote, iliyo mashariki yake inapona. Kama una mtoto mwenye pumu, hili ni kubwa kuliko vigae. Kanuni hiyo hiyo itumie Swaswa: kabla ya kukubali nyumba, uliza mabwawa ya majitaka yako upande gani wa dirisha la chumba cha kulala.

Wanaotaka kununua kiwanja wajenge, nina la kusema moja refu na moja fupi. Ramani ya kwanza ya makao makuu ilichorwa 1976 na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates, na wazo lake lilikuwa zuri: jumuiya za makazi ambazo mtu anatembea kwa miguu kwenda shule na sokoni, na basi linaunganisha jumuiya na jumuiya. Ndiyo maana ukitembea mitaa iliyopimwa zamani na CDA, iliyokuwa mamlaka ya kustawisha makao makuu, unakutana na njia za miguu na maeneo ya wazi. Viwanja vipya navyo vina michoro yenye shule, zahanati na bustani. Shida ni kwamba mchoro haufundishi mtoto kusoma. Omba kuuona mchoro, kisha nenda kwa miguu mpaka pale palipoandikwa "shule", ukaone kama kuna madarasa au kuna mbuzi.

Fupi ni hati. CDA ilipovunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, na ikaagizwa hati zake za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Ukiuziwa kwa makaratasi ya zamani, hakikisha yamebadilishwa, na omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla ya kulipa. Kiwanja changu cha kwanza kilikuwa na wenyewe wawili, wote tuna barua halali, na mimi ndiye niliyekuwa wa pili. Ofisi iliyotoa barua zote mbili siitaji.

Kitu kimoja nakisema na wenzangu wa taaluma hunicheka: familia isiyo na gari, yenye watoto wadogo, mitaa ya zamani inaifaa kuliko mitaa mipya yenye fensi. Majengo, Makole, Chamwino. Kuna kelele, kweli, na kuna usiku muziki wa jirani utakuwa wako pia. Lakini mboga unanunua soko la Majengo asubuhi mchicha bado una umande, Kituo cha Afya Makole na hospitali ya General unafika kwa bajaji kabla homa haijapanda, na mtoto akitoka shule anaonwa na macho ya watu kumi wanaomjua mama yake. Kule kwenye fensi ndefu nimekaa miaka miwili bila kujua jirani yangu anaitwa nani, nikamjua siku alipofiwa.

Jingine dogo: usitafute nyumba Bunge la bajeti likiwa linaendelea, Aprili hadi Juni. Wageni ni wengi, na dalali anajua huna muda.

Turudi kwa rafiki yangu. Shemeji alishuka garini, akawafuata wale kina mama wenye madumu, akasalimia, akakaa nao kama robo saa. Aliporudi hakutoa maelezo, alisema tu, "Twendeni tukanywe chai." Wiki mbili baadaye walipata nyumba Ilazo: sakafu ya saruji, simtanki moja, mwarobaini mkubwa uani, na shule ambayo wa darasa la pili anakwenda kwa miguu akiwa na dada yake. Geti ni la mabati, linapiga kelele. Rafiki yangu mpaka leo analilalamikia.