Bainari katika Python: kwa nini alama zako zimekatwa

Malalamiko yamezidi kuhusu zoezi moja la upimaji wetu, lile la kubadili namba kwenda bainari (uandishi wa namba kwa tarakimu 0 na 1 tu) na kuirudisha kwa kutumia lugha ya programu ya Python. Wengi wanasema programu zao zinatoa jibu sahihi ila mfumo wa usahihishaji unazikataa. Tumezipitia upya kazi zilizolalamikiwa. Ziko chache ambazo alama zake zimerekebishwa; kwa nyingi uamuzi unabaki ulivyo, na wenye kazi hizo wana haki ya kujua sababu.

Chanzo kikubwa ni hiki: bin(13) haikupi namba. Inakupa maandishi '0b1101', ambayo huwezi kuyafanyia hesabu. Hiyo 0b ya mwanzo inamjulisha msomaji kwamba kinachofuata ni bainari. Kumi na tatu ni ile ile, imeandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaletewa programu inayojumlisha bin(5) + bin(3) ikingojea nane. Python inagundisha maandishi hayo na kutoa '0b1010b11'. Anayeondoa 0b kwanza yuko pabaya zaidi, kwa sababu '101' + '11' inampa '10111', jibu linaloonekana safi kabisa kumbe ni 23. Jumlisha namba kwanza, kisha ndipo uandike bainari: bin(5 + 3) ni '0b1000'.

Kuondoa 0b kwa bin(n)[2:] kunafaa hadi ifike namba hasi. bin(-5) ni '-0b101'. Ukikata herufi mbili za mwanzo unabaki na 'b101'. Majaribio yetu yana namba hasi, na swali husema hivyo. Tumia format(n, 'b'), nayo itatoa '-101'. Swali likitaka biti 8, yaani tarakimu nane za bainari, format(13, '08b') inajaza sifuri zenyewe: '00001101'.

Kurudi kutoka bainari kwenda namba ya kawaida ni int('1101', 2), ambapo 2 inasema maandishi hayo ni ya bainari; jibu ni 13. Ukisahau ile 2, Python inasoma elfu moja mia moja na moja, wala hailalamiki. Ukisahau alama za nukuu, inakataa papo hapo kwa TypeError, kosa la aina ya data. Ukiipa '1201' inatoa ValueError, kosa la thamani isiyofaa, kwa kuwa 2 si tarakimu ya bainari, na tunaomba sana kosa hilo lisifichwe. Programu inayopokea '1201' kisha ikaandika 0 imemdanganya mtumiaji, na hapo alama zote za sehemu hiyo huondolewa.

Swali linapokataza bin, gawanya kwa mbili ukikusanya baki:

n = 13
jibu = ''
while n > 0:
    jibu = str(n % 2) + jibu
    n = n // 2

Hapo % inatoa baki, na // inagawanya bila desimali. 13 kwa 2 ni 6 baki 1. 6 kwa 2 ni 3 baki 0. 3 kwa 2 ni 1 baki 1. 1 kwa 2 ni 0 baki 1. Baki husomwa kuanzia la mwisho: 1101. Ukizisoma zilivyokuja unapata 1011, yaani 11, na ndiyo maana baki jipya linawekwa mbele ya jibu. Mkwaju mmoja (/) badala ya miwili (//) unaharibu kila kitu: n inakuwa 6.5, baki linakuwa 0.5, na kitanzi (sehemu ya while inayojirudia) kinazunguka zaidi ya mara elfu moja kabla ya kusimama. Tena, n ikianza na 0 kitanzi hakiingii kabisa na jibu linabaki tupu. Ishughulikie 0 peke yake.

Kuhusu rufaa. Leta faili la programu lenyewe, namba uliyoingiza, na matokeo jinsi yalivyotoka, herufi kwa herufi. Picha ya skrini haipokelewi kwa kuwa hatuwezi kuiendesha. Ukiirekebisha programu baada ya kuikabidhi, rufaa itaangalia ile ya kwanza. Jibu likikosewa lakini njia ikawa sahihi, alama za njia hubaki, hata pasipo rufaa. Na kabla ya kuandika barua, ijaribu programu yako kwa 0, kwa 13 na kwa -5. Nyingi ya tulizozirudia zilianguka kwenye moja ya namba hizo tatu.