"Watavichana hawa" na mengine ninayoambiwa kila nikienda kufufua maktaba ya shule

Juzi nilikuwa shule moja ya msingi huku Tanga, nje ya mji kidogo, nimeitwa nisaidie maktaba yao iamke maana watoto hawaendi. Nauliza vitabu viko wapi, naoneshwa kabati la chuma ofisini, kufuli kama la godauni la katani, na ufunguo anao mwalimu wa taaluma ambaye siku hiyo kaenda semina. Jibu nikalijua kabla sijauliza: "Mwalimu, hawa ukiwapa watavichana."

Jamani. Nimelisikia hili mjini, nimelisikia mashamba, leo nalisema lote nipumue.

Huku kwetu adui wa kitabu siyo mtoto, ni pwani. Unyevu ukizidi asilimia 65 hivi na hewa haizunguki, ukungu unaota, na hakuna mahali hewa imesimama kama ndani ya kabati lililofungwa mwaka mzima. Ufunguo ulipopatikana kesho yake tukafungua, harufu ikatutoa nje. Kurasa zimegandana, vidoa vya kijani kwenye majalada, mende wamekula gundi ya migongo mpaka vitabu vinaachia vyenyewe ukivishika, na vingi havijawahi kufunguliwa hata na mtu mmoja, vimekufa na upya wao. Sasa niambieni nani kavichana hapo?

Ndiyo, mtoto atachana, sikatai. Atachana kwa sababu hajafundishwa kushika kitabu, na hatafundishika kama hakishiki. Mie siku ya kwanza siwasomeshi kitu, nawaonesha kufunua tu: shika pembe ya juu ya karatasi, usilambe kidole, usivute kule chini karibu na mshono. Nje ya mlango naweka ndoo ya maji na sabuni, hasa msimu wa embe, hapo bila ndoo usitegemee muujiza. Halafu ndani liwepo boksi tunaloliita hospitali ya vitabu, mtoto kitabu kikimchanikia anakipeleka mwenyewe bila kuulizwa na BILA FIMBO, maana ukimchapa mmoja tu wenzake wote wataficha vilivyochanika chini ya godoro na hutaviona tena.

Na hospitalini humo selotepu sitaki kuiona!! Inageuka njano, inakauka, inabanduka na maandishi. Nunua gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi seremala, pitisha kidogo kwenye mgongo kwa mswaki wa zamani, bana na tofali usiku kucha. Ukitaka imara zaidi shona kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, forodhani hauwezi kuukosa.

Eti hatuna jengo. Nani kasema jengo? Mkeka, pembe moja ya darasa, kamba mbili zilizotandwa ukutani vitabu vining'inie majalada yakiangalia watoto. Mtoto wa darasa la kwanza hachagui kwa mgongo wa kitabu, anachagua kwa picha, halafu rafu zenu zimepanda hadi dari kama za duka la vitenge, anafikaje kule?

Eti lazima tupange kwa namba za Dewey, ule mpangilio wa kuipa kila mada namba yake, kama maktaba kubwa. Nazijua, ngano ziko 398, wanyama 590, lakini mtoto haji kuulizia 398, anakuja kuulizia sungura. Bandika rangi, nyekundu hadithi, kijani wanyama, wenyewe watarudisha mahali pake na wataanza kukosoana.

Eti maktaba ni kimya. Ya chuo sawa. Hii ya watoto wadogo mtu mzima asome kwa sauti kila siku, dakika kumi zinatosha, aanze na hadithi hadithi, waitikie hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, watoto wa pwani hawa hawahitaji kufundishwa kuitikia. Akifika penye utamu afunge kitabu akiache mezani aondoke. Utaona watakavyokigombania.

Eti vya Kiingereza ndo vitawafungua. Nakuta maboksi ya msaada, yamejaa theluji na maneno ya sekondari, mtoto wa darasa la tatu anayesoma masomo yake kwa Kiswahili unampa hicho halafu unasema hapendi kusoma. Mfundishe kupima: afungue ukurasa mmoja, akunje kidole kila neno asilolijua, vitano vikiisha hicho si cha leo. Na kipimo hicho hakibagui, hata cha Kiswahili kinaweza kumshinda.

Halafu kuna lile la "huyu anarudia kitabu kilekile, mvivu." Hapana mwalimu. Mara ya kwanza anahangaika na herufi, mara ya pili anaipata hadithi, mara ya tatu anaanza kusoma kwa mbwembwe kama wewe unavyosoma. Palepale kwenye shule ya kufuli, wiki ya pili, kuna kabinti kaja kuazima kitabu cha kobe mara ya nne, mwalimu akataka kumnyang'anya ampe kingine "kipya". Nikamwambia muache, fungua kauntabuku, muandikie tena.