Huyo kuku ameiva, mle kwa raha

Jumamosi iliyopita sahani ya kuku wa kuchoma ilirudi jikoni kwangu kwa mara ya tatu usiku mmoja. Paja limepasuliwa, mfupa uko wazi, na pale kwenye kiungo nyama imekoza wekundu kama damu iliyovilia. Mhudumu akaniinamia: "Bosi, meza ya dirishani wanasema kuku mbichi." Nikachomeka kipimajoto kwenye nyama nene, kikasoma nyuzi 81. Kuku alishaiva zamani. Lakini mteja ni mteja, nikamrudisha kwenye wavu dakika kumi nyingine mpaka nyama ikawa katani tupu, akapelekwa. Wakafurahi! Mimi nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa nieleze mara moja, maana kuzunguka meza kwa meza nimechoka.

Broila unayeletewa amechinjwa akiwa na wiki 5 au 6. Mwili ni wa kuku mkubwa, mifupa ni ya kifaranga: bado laini, ina vitundu vitundu, na ndani yake uboho ni mwekundu. Akipata moto, uboho hupenya na kutia rangi nyama iliyogusana na mfupa. Kama aliwahi kugandishwa ndiyo kabisa, kwa sababu barafu inautoa uboho nje ya mfupa, na ukishapikwa unageuka zambarau, wakati mwingine mweusi. Rangi hiyo haitoki kwa kuongeza makaa. Kuku atakauka kwanza, yenyewe ibaki palepale. Wa kienyeji aliyekomaa hana mambo hayo, mifupa yake imeshakaza.

Halafu kuna moshi. Mkaa unatoa gesi zinazoshikamana na myoglobini, ile rangi ya asili ya nyama, zikaizuia isigeuke kahawia. Ndiyo maana kuku wa mkaa anaweza kuwa na pinki hata chini ya ngozi, mahali palipopigwa na moto kuliko pengine pote. Na kwa kuwa paja lina myoglobini nyingi kuliko kidari, sijawahi kurudishiwa kidari kwa wekundu. Ni paja, siku zote paja.

Kinachoamua ni joto. Nyama nene ya ndani ikifika nyuzi 74, salmonela na kampilobakta, vijidudu wa kuku wanaomharisha mtu, kwisha habari yao. Kipimajoto kinachomekwa karibu na mfupa bila kuugusa. Ninacho cha mfukoni, nilikinunua kwa bei ya kama kuku wawili wa kuchoma, na wapishi wangu wanajua kwamba asiyekitumia hashiki wavu.

Kinachonikera hasa ni hiki: mteja huyohuyo aliyekataa paja jekundu atakula bila wasiwasi kidari cheupe ambacho hakijafika joto hilo. Nyama ya kuku huanza kuwa nyeupe mapema, vijidudu wakiwa bado hai. Au atamsifia kuku mweusi tii kwa nje, eti "huyu ndiye kachomwa." Sosi ina sukari, sukari inaungua upesi. Mchukue kuku mwenye barafu bado kwenye maungio, mpake sosi mapema, mtupe kwenye moto wa miali: nje mkaa, ndani mbichi, na picha yake inapendeza. Sisi tunampasua mgongoni, tunamtandaza, tunatia chale paja mpaka mfupani, tunasubiri makaa yavae majivu, na sosi inaingia dakika kumi za mwisho. Anayepaka sosi mwanzoni ana haraka na pesa yako.

Ukitaka kumkagua bila kifaa, acha rangi, shika nyama. Mbichi inang'aa, inateleza, inavutika kama mpira na inang'ang'ania mfupa. Iliyoiva inachambuka. Na kama jiko liko wazi, chungulia koleo na brashi. Koleo lililogeuza kuku mbichi likimpakua aliyeiva, ondoka, hata kama kuku mwenyewe ni mweupe kama pamba.

Mengine nayamaliza haraka.

Ndimu na pilipili haziui vijidudu wa kuku. Ndimu inabadilisha sura ya nyama juu juu, basi. Kuku aliyekaa mezani tangu mchana hasafishwi na kijiko cha pilipili. Saa mbili kwenye joto la kawaida zinatosha kumharibu, na Dar ikiwa na jua lake mimi sifiki hata huko. Na kumwosha kuku mbichi kwa maji mengi kunarusha vijidudu kwenye sinki, kwenye sahani na kwenye kachumbari.

Mdomo ukiwaka, usiombe maji. Kapsaisini, kile kinachochoma, haiyeyuki kwenye maji, unaitembeza tu mdomoni. Omba mtindi au maziwa. Soda baridi inafariji, haitibu.

Ukali hauko kwenye mbegu. Uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Kijana wangu mmoja alitumia asubuhi nzima kutoa mbegu za pilipili mbuzi moja moja, utando akauacha, kisha akajikuna jicho. Siku hiyo alijifunza mambo mawili.

Pilipili inaleta vidonda vya tumbo? Mimi si daktari, lakini hili halina ubishi: Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba kisababishi ni bakteria, Helicobacter pylori. Kingine ni dawa za maumivu kama diklofenaki zinazomezwa ovyo. Mwenye kidonda tayari, pilipili inaweza kumchoma, na huyo nampa kuku wa ndimu na chumvi. Ila asiseme ni mimi niliyempa kidonda.

"Piripiri", jina la kuku huyu wa pilipili, si neno la Wareno. Mmea waliuleta wao kutoka Amerika, jina wakalikuta huku Afrika. Sisi tulikuwa na pilipili manga kabla meli zao hazijafika, hiyo nyeusi iliyokuja kwa njia ya Waarabu, na mgeni mwekundu akapewa jina lilelile. Msumbiji ikaipika na kuku, na leo mtu ananiuliza kama kuku wa piripiri ni chakula cha Kizungu.

Nimalizie na homoni, maana swali hilo halikosi. Broila hadungwi homoni. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiiweka kwenye chakula, tumbo la kuku linaimeng'enya kama pumba, na kuwadunga maelfu ya kuku mmoja mmoja ni gharama ambayo hakuna mfugaji anayeiweza. Anakua haraka kwa sababu wazazi wake wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi, na chakula chake kimepimwa. Kama unataka kuuliza swali la maana, uliza kuhusu antibiotiki, na kama mfugaji alisubiri siku zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuuza. Hilo hakuna anayeniuliza. Ananiambia tu, "Kaka, mimi nataka kienyeji." Namweleza kwamba wa kienyeji lazima achemshwe kwanza ndipo apande wavuni, asubiri. Hataki kusubiri. Namchomea hivyohivyo anavyotaka, na baada ya robo saa ananiita mezani: "Kaka, mbona mgumu?"