Themistocles: vigae vya kisimani na mengine tunayoyakosea

Ukimtaja Themistocles, kiongozi wa Athens katika Ugiriki ya kale, mbele ya waliokulia kwenye vibanda vya video, jibu ni moja, la kwenye sinema: si ndiye aliyemuua Dario, mfalme wa Uajemi, kwa mshale kwenye vita vya Marathon? Siye. Dario hakukanyaga Marathon. Mwaka 490 KK alituma majemadari, Datis na Artaphernes, na yeye mwenyewe akafariki miaka minne baadaye.

Silaha ya Themistocles ilikuwa ulimi. Mgodi wa Laurion ulipotoa madini mengi ya fedha, karibu mwaka 483 KK, wananchi wa Athens walitaka kugawana, drakma (sarafu za fedha) 10 kila mmoja. Yeye akawashawishi wajenge merikebu za vita. Hakuwatisha na Waajemi, maana walikuwa mbali. Aliwatajia Aegina, kisiwa jirani walichokuwa wakizozana nacho kila siku. Mjanja yule!

Wengine hudhani wapiga makasia walikuwa watumwa wenye minyororo miguuni. Wengi wao walikuwa raia huru, maskini, waliolipwa ujira. Kila merikebu ilibeba wapatao 170.

Halafu kuna hadithi kwamba kwenye vita vya majini vya Salamis dhidi ya Waajemi, mwaka 480 KK, Wagiriki walikuwa kitu kimoja chini ya amri yake. Amiri mkuu alikuwa Msparta, Eurybiades, na manahodha wengi walitaka kuondoka. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasimulia kwamba Themistocles alimtuma kwa siri Sicinnus, mtumwa aliyewalea wanawe, akawaambie Waajemi kuwa Wagiriki wanajiandaa kutoroka. Waajemi wakakesha wakiziba njia. Kulipokucha, wenzake Themistocles hawakuwa na pa kwenda, ikabidi wapigane.

Linalopotoshwa zaidi ni kufukuzwa kwake Athens kwa kura, karibu mwaka 471 KK. Husemwa alishtakiwa akapatikana na hatia. Kura ile haikuwa na mashtaka wala utetezi. Raia alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akakwaruza jina la mtu asiyemtaka mjini. Kura zikitimia 6,000, mwenye jina lililoongoza aliondoka kwa miaka 10, ila mali yake haikuguswa. Mashtaka ya usaliti yalikuja baadaye, akiwa tayari nje.

Na wala tusidhani kila kigae kilikuwa sauti ya mtu mmoja aliyeamua peke yake. Mwaka 1937, kwenye kisima kando ya kilima cha Acropolis, wachimbuzi walikuta vigae takriban 190 vyenye jina la Themistocles. Walipolinganisha miandiko, ilikuwa ya watu wapatao 14 tu. Yaani kuna kikundi kilikaa chini kikaandika kura za kuwagawia watu, kama tunavyoona fulana na kanga zikigawiwa msimu wa uchaguzi.

Alikimbilia wapi? Uajemi kwenyewe, kwa mfalme Artaxerxes, ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kama Artashasta, bwana wa Nehemia. Mfalme akampa miji mitatu: Magnesia kwa mkate wake, Lampsacus kwa mvinyo, Myus kwa kitoweo. Sarafu zilizopigwa Magnesia kwa jina lake zipo hadi leo.

Kuhusu kifo, wapo wanaosimulia kwamba alijiua kwa kunywa damu ya fahali ili asiisaliti Athens. Damu ya fahali haina sumu. Mwanahistoria Thucydides, aliyeandika kizazi kimoja tu baadaye, anasema aliugua akafa.