Watoto Hujua Wanachotumwa

Nimetumiwa tena ile picha. Upande mmoja kuna nembo kumi za makampuni, upande wa pili kuna majani kumi ya miti, na chini yake pana maneno yanayodai kwamba mtoto wa leo anatambua nembo elfu moja lakini hajui hata mimea kumi. Safari hii haikuishia kwenye simu yangu, bali ilisomwa kwa sauti katika kikao cha wazazi hapa Tanga, wazee kwa vijana wakatikisa vichwa kwa masikitiko, na mjadala ukafika pale unapofika kila mara: simu na televisheni zimewaharibu watoto. Mimi ni mtaalamu wa mimea, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwatembeza wanafunzi katika mikoko ya Sahare, pwani ya hapa Tanga, na katika msitu wa Amani kwenye milima ya Usambara, kwa hiyo wengi walinigeukia wakitarajia niwe wa kwanza kuiunga mkono hoja hiyo. Siiungi mkono, na naona ni afadhali nieleze kwa maandishi, kwa kirefu, kuliko kuendelea kubishana dakika mbili mbili mwishoni mwa vikao.

Nianze na majani yenyewe. Mengi katika picha hiyo ni ya miti ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, mialoni na mingineyo, ambayo haioti hapa. Mtoto wa Ngamiani amekosa nini asipoutambua mti ambao yeye, wazazi wake na babu zake hawajawahi kukaa chini ya kivuli chake? Ama zile idadi za elfu moja na kumi, nimezitafutia asili yake kwa muda mrefu, na kila mahali nilipozikuta zilikuwa zimenukuliwa kutoka mahali pengine, bila kutajwa watoto gani walihesabiwa, wapi, wala kwa njia gani. Takwimu isiyo na watoto ndani yake haiwezi kutumika kuwahukumu watoto.

Upo utafiti wa kweli ambao watu huuchanganya na picha hiyo. Mwaka 2002, Andrew Balmford wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwapima watoto 109 wa shule za msingi nchini Uingereza, wenye umri wa miaka 4 hadi 11. Kila mtoto alionyeshwa kadi za viumbe na mimea ya kawaida ya nchini kwao, na kadi za wale wanyama wa kubuni wa mchezo wa Pokémon. Watoto wa miaka 8 walitambua asilimia 78 ya wanyama wa kubuni na asilimia 53 tu ya viumbe halisi. Hapo ndipo wasimuliaji wote husimama. Hawasemi kwamba watoto wa miaka 4 katika utafiti huohuo walitambua asilimia 32 ya viumbe halisi na asilimia 7 tu ya wale wa kubuni. Maana yake ni kwamba mtoto yule alianza akiwa upande wa wanyama na miti, na kwamba kichwa chake kilikuwa na nafasi tele ya kupokea majina mapya ya viumbe, lakini katika miaka minne iliyofuata waliokuja kumpa majina hayo kwa bidii zaidi walikuwa wauzaji wa kadi. Watafiti wenyewe hawakuwalaumu watoto. Waliwaambia watu wa uhifadhi kwamba wanazidiwa na watengenezaji wa mchezo huo katika kuwavutia watoto.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni kuliweka jani na nembo katika mizani moja. Nembo huchorwa kwa makusudi ili itambulike ikiwa kubwa ukutani au ndogo kwenye kizibo cha chupa, juani au gizani, na kampuni huwalipa watu ili wahakikishe rangi yake haibadiliki hata kidogo. Jani halikuumbwa kwa kazi hiyo. Jani changa la mwembe ni laini, limelegea, lina rangi ya shaba iliyochanganyika na wekundu, na baadaye huwa kijani kibichi kilichokolea na gumu kiasi cha kukatika ukilikunja. Piga picha ya yote mawili, na mtu asiyeujua mwembe ataapa kuwa ni miti miwili. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote ya kusomea kazi hii, nikiletewa jani moja tupu kutoka msituni sikubali kulitaja jina mpaka nione ua au tunda, hasa likiwa la ukoo wa mibuni, ambao una spishi nyingi zenye majani yaliyopangana mawili mawili na kufanana mno. Kumtaka mtoto autambue mti kwa picha ya jani ni sawa na kumtaka amtambue shangazi yake kwa picha ya sikio.

Mti hujulikana kwa mambo mengi yanayokuja pamoja: gome, harufu, utomvu, ladha, mahali ulipo, na kile ambacho watu huufanyia. Ukilikwangua kidogo gome la mvule hutoka utomvu mweupe, na la msambu wa kule Amani hutoka wa manjano. Hilo hakuna kadi inayoweza kulionyesha. Huku pwani, mchu, mmoja wa miti ya mikoko, una mizizi inayochomoza juu ya tope kama vijiti, na majani yake hutoa chumvi iliyozidi, inayoonekana kama unga mweupe ukiyatazama kwa karibu. Niliwahi kuwatembeza watoto wa Sahare ambao darasani, walipoonyeshwa picha ya mchu, walikaa kimya kabisa, na mwalimu wao akaona haya kwa niaba yao. Tulipofika kwenye tope, mmoja wao alilichuma jani, akaliramba, akasema, «Mwalimu, huu ni ule wa chumvi, na pale chini yake ndipo wanapokaa kaa.» Katika kipimo cha kadi, mtoto huyo amepata sifuri. Kwangu mimi, ameutaja mti, ametaja jinsi unavyofanya kazi, na ametaja kiumbe kinachoutegemea.

Wapo watafiti walioelewa jambo hili. Huko Chiapas, nchini Mexico, mwaka 1968 watoto wa jamii ya Tzeltal Maya walitembezwa katika njia iliyopita katikati ya mimea yao na kuulizwa majina yake papo hapo. Mwaka 1999, Rebecca Zarger na John Richard Stepp walirudia zoezi hilo katika jamii ileile, baada ya zaidi ya miaka 30 ya mabadiliko makubwa ya maisha, na wakakuta maarifa ya watoto hayajapungua kwa kiasi cha kuonekana. Sisemi kwamba Tanga ni Chiapas. Nasema tu kwamba anayedai maarifa yamekufa anapaswa kwanza kuwatembeza watoto, si kuwaonyesha kadi.

Basi kwa nini watoto wengi wa mjini kweli hawajui mimea iliyo hatua chache kutoka mlangoni kwao? Hilo silikatai, kwa sababu naliona kila wiki. Jibu langu, ambalo nimelifikia kwa kuwasikiliza watoto kuliko kwa kusoma, ni kwamba mtoto hujua jina la kitu anachotumwa. Mtume mtoto yeyote wa Chumbageni au Makorora dukani, utamsikia akirudia njia nzima jina la sabuni, la unga, la soda na la vocha, kwa sababu akikosea atarudishwa. Mtoto huyohuyo, kama kwao hupikwa wali wa nazi, anajua kuitikisa nazi na kusikiliza maji yake, na anatofautisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi bila kusita, ingawa kadi ya picha ingemwomba neno moja tu. Anajua mchunga, kisamvu na matembele, ikiwa kwao bado hutumwa kuchuma. Mtoto wa Kigombe anatofautisha changu, tasi na kibua katika tenga la samaki, kwa sababu baba yake hatakubali aletewe kingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefundishwa darasani.

Matangazo hufanya kazi kwa nguvu hiyohiyo ya kurudia, na sipendi kuidogosha. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapima watoto 229 wenye umri wa miaka 3 hadi 6 kwa kuwataka walinganishe nembo na bidhaa zake. Asilimia 30 ya watoto wa miaka 3 waliiunganisha picha ya ngamia wa kuchorwa, nembo ya sigara za Camel, na sigara, na kwa watoto wa miaka 6 idadi hiyo ilifika asilimia 91. Hakuna mzazi aliyewafundisha wala aliyewatuma. Waliona tu, tena na tena, katika umbo lilelile. Matokeo hayo yalinitisha nilipoyasoma na bado yananitisha, na naamini kwa moyo wote kwamba kuta za shule na za maduka yanayozizunguka hazipaswi kupakwa rangi za bidhaa. Lakini kuifuta rangi ukutani hakutampa mtoto jina la mti. Kilichotoweka ni kutumwa. Mboga hununuliwa ikiwa imekwisha kufungwa mafungu, gesi imechukua nafasi ya kuni katika nyumba nyingi, na dawa hutoka kwenye duka la dawa. Haya si mabaya. Sitamwomba mama yeyote arudi kwenye moshi ili mwanawe ajue kuni za mti gani huwaka vizuri. Ila kila safari iliyofutwa imeondoka na majina yake, na shule haijaweka kitu mahali pake zaidi ya mchoro wa mmea wa mhindi na wa mharage.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kulalamika hawaligusi. Wanyama ambao watoto wa Tanga wanawajua vizuri kupita wote ni simba, twiga na tembo, na wengi wao hawajawahi kumwona hata mmoja akiwa hai. Wamemwona simba kwenye noti ya shilingi 2,000, kwenye nembo ya klabu ya mpira, na kwenye mfuko wa saruji inayotengenezwa hapahapa Pongwe. Tembo wamemwona kwenye noti ya shilingi 10,000. Mzazi hufurahi mwanawe anapomtaja simba na kusema anaijua asili ya nchi yake, wakati mtoto ameisoma chapa kama alivyoisoma chapa ya soda. Kima wanaopita juu ya vichwa vyetu kule Amani huitwa «nyani» na watu wazima waliosoma, na watoto hufuata. Kwa kweli, watu wazima ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Mtoto akiuliza, «Huu mti gani?» hujibiwa, «Mti tu.» Akijibiwa hivyo mara ya tatu, haulizi tena.

Lipo shaka ambalo sipendi kulificha. Tunapowafundisha watoto majina tunajiambia kwamba anayejua atapenda, na anayependa atatunza. Bahari hii ya Tanga iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na waliozirusha baruti zile hawakuwa watu wasiojua samaki. Waliwajua kwa majina, kwa misimu na kwa miamba yao. Anayekata boriti za mikoko anaujua mkoko na mkandaa kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Kwa hiyo siwezi kumwahidi mzazi kwamba mtoto anayejua mimea hamsini ataulinda msitu. Nafundisha majina kwa sababu asiye na jina la kitu hawezi hata kulalamika kinapotoweka, na hapo ndipo hoja yangu inapoishia kwa sasa.

Kwa wale wanaotaka kupima kwa haki, njia ni rahisi. Watoeni watoto nje, wapitisheni katika njia wanayoijua, wakubalini wakijibu kwa Kisambaa, Kidigo, Kibondei au Kiswahili, na hesabuni pia wanachosema kuhusu matumizi, ladha na mahali. Baada ya hapo watumeni. Mimi sibandiki tena vibao vya majina kwenye miti. Ninasema, «Nileteeni mche wa mkoko ulioanza kuota ukiwa bado kwenye mti mama,» na mtoto aliyeutafuta kwenye tope mpaka magotini huwa nalikuta jina hilo bado analo muhula unaofuata.

Njia hii ina upungufu, na upungufu wake ni mimea isiyo na kazi jikoni wala dukani. Ua dogo la Usambara la rangi ya urujuani, ambalo wataalamu walizoea kuliita Saintpaulia, lilifikishwa Ulaya baada ya ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kulikuta huku mwaka 1892, na leo linauzwa katika vyungu duniani kote; nyumbani kwake huota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, na hakuna mama anayemtuma mtoto akalilete. Wala mimi siwezi kumtuma alichume, kwa kuwa liko hatarini. Nimeanza kuwatuma watoto wanaoishi karibu na msitu waniletee habari zake badala ya kuniletea lenyewe: maua mangapi yamefunguka, mwamba bado una maji au umekauka, kuna mti uliokatwa ukaliacha juani. Kama watalikumbuka baada ya miaka mitano siwezi kusema, ila nitawatembeza tena katika njia ileile na kuwauliza.